Nyuzi Nene za Gita la Mume Wangu

Siku hiyo nilitoka sokoni na njaa yangu, nikaingia jikoni, nikafunua sufuria nikitegemea makande. Jamani! Ndani ya sufuria yangu kubwa, ile ninayopikia wageni, kulikuwa na nyaya nne zimejikunja kama minyoo, zinachemka kwenye maji ya magadi, na juu kumetanda povu jeusi. Nilipiga ukelele mpaka jirani akatoka mbio na mwiko mkononi, akidhani nimeungua. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda hapo mlangoni, ananitazama bila wasiwasi wowote.

"Nyuzi zimekufa," akasema. "Nazichemsha zitoe uchafu."

"Kwenye sufuria yangu?"

"Ulitaka nichemshie kwenye kofia?"

Aliyasema hayo kwa sauti iliyofika barabarani. Mume wangu hakujua kuongea taratibu. Watu wote waliofanya kazi naye kwenye kiwanda cha kufuma vitambaa walikuwa hivyo, wanaongea kana kwamba wanayeongea naye yuko ng'ambo ya korongo, na sisi watu wa Ngarenaro, mtaani kwetu pale Arusha, tulikuwa tunawacheka. Ukisikia salamu tangu njia panda, ujue mtu wa kiwandani anarudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulichukulia kwamba ndivyo walivyo.

Nikaishusha ile sufuria, nikamwaga maji, nikazianika nyuzi zake kwenye kamba ya nguo pamoja na soksi za watoto. Makande hayakuwepo. Tulikula mkate na chai, na mimi nilinuna mpaka kesho yake.

Ngoja nieleze tulifikaje hapo. Mume wangu ni Mmeru wa kule juu kwenye migomba, mimi ni Mchaga wa Machame. Sote ni Walutheri, lakini ndugu zangu waliposikia anapiga gita la besi kwenye bendi ya dansi ya kiwanda, walisema nimejitupa. Wakati ule kila kiwanda kilichojiheshimu kilikuwa na bendi yake, na ya kwao ilikuwa na suti za bluu. Mchana alikuwa anasimamia mashine za kufuma, mwisho wa wiki anasimama nyuma ya waimbaji na besi lake, mrefu, mnyamavu, shingo ameinamisha kidogo. Nilimpendea hapo hapo. Waimbaji walikuwa wanaruka kama panzi, yeye katulia tu, na bado ukumbi mzima ulikuwa unakwenda anavyotaka yeye.

Halafu zikaja enzi za ruksa. Kila kitu kilichokuwa cha magendo kikawa halali, na mimi nikajitosa kwenye mitumba. Nilikuwa navuka Namanga, nakwenda Nairobi, narudi na robota zangu, nauza Arusha. Watu walizigombania nguo zile kama vile walikuwa wanatembea uchi. Na kiwandani kwa mume wangu vitambaa vikaanza kulala ghalani, maana nani atanunua kitambaa, atafute fundi, asubiri wiki, wakati shati la Ulaya lipo kwangu limeshashonwa? Sikulifikiria hilo. Nililifikiria siku alipokuja nyumbani mapema, jua bado kali, akasema unga umemwagika.

Walipunguzwa kwa mafungu, na yeye alikuwa fungu la mwisho, lile la kuzima mashine. Bendi nayo ikavunjwa. Wakubwa wakasema kila mtu achague kitu cha kwenda nacho kama mkono wa kwaheri. Wenzake walirudi na majora ya vitambaa, mmoja alirudi na baiskeli ya tarishi, mwingine na cherehani kabisa. Mimi nimesimama mlangoni, nasubiri nione changu. Akatokea kwenye kona amebeba gita begani, na nyuma yake mtu wa mkokoteni anasukuma spika kubwa lenye tundu la panya. Mae! Nililia kwa Kichaga, nikashika kiuno. Yeye akatabasamu, akasema, "Nimewawahi. Kuna mwingine alikuwa analitaka."

Kwa hiyo gita likahamia chumbani, na likawa na nyuzi za ajabu. Miaka ile ya uhaba hakukuwa na duka lililouza nyuzi za besi. Wanamuziki walikuwa wanatumia waya wa breki wa baiskeli, wanachuna, wanasokota, wanabahatisha. Kati ya zile nne nilizozikuta kwenye sufuria yangu, mbili zilikuwa za breki. Mimi sikujua. Siku zote nimecheza dansi kwa waya wa baiskeli na sikujua!

Basi hasira zangu zilipopoa nikamwambia, "Nikienda Nairobi nitakuletea nyuzi za kweli. Sufuria yangu uiache."

Akafurahi mpaka akasimama. Akaniambia kuna bendi Kikatiti, kwenye barabara ya Moshi, inapiga kwenye bustani ya baa moja kubwa kila Jumapili mchana, na mpiga besi wao amekimbilia Dar es Salaam. Wamekubali kumjaribu. Wakimchukua, ana kazi tena. Na asipochukuliwa? Hilo nililiuliza mimi, maana mimi ni mtu wa biashara, nataka kujua mwisho wa jambo.

"Nisipochukuliwa pale, basi," akasema. "Nalipeleka gita sokoni liuzwe, nakwenda kulima kwa baba. Sitaki kuwa mzee wa kukung'uta vumbi la gita."

Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Nilimwangalia usoni nikaona hatanii.

Nairobi nilimaliza mambo ya robota kwanza, ndipo nikatafuta duka la muziki. Nilipoingia nilitaka kutoka. Ukuta mzima ni pakiti za nyuzi, zinang'aa, na kila pakiti ina namba. Mimi ambaye mume wangu alikuwa anachuna waya wa breki usiku na mchana! Nilisimama pale nimeduwaa kama mtoto aliyepotea gulioni. Muuzaji akaniuliza nataka namba gani. Nikamwambia nataka za besi. Akacheka, akasema besi zenyewe ndizo zina namba hizo zote, ile namba ni unene wa uzi, na kila unene una sauti yake. Akanichagulia za kati, wanazochukua wengi.

Nilimkabidhi mume wangu pakiti ile kama mtu anayetoa mahari. Akazifunga, akakaza, akapiga. Sasa sikiliza. Mimi si mwanamuziki, lakini masikio ninayo, na sauti iliyotoka kwenye gita lile ilikuwa inang'aa. Watoto waliokuwa wanacheza uani walinyamaza. Binti yangu mkubwa akasema, "Baba, linalia kama kengele!" Nilikuwa nimeshaanza kujisifu moyoni.

Mume wangu akakunja uso. Akapiga tena. Akaukaza uzi, akaulegeza, akasogea karibu na spika, akainamisha kichwa.

"Zimekufa," akasema.

"Zimekufaje? Zimetoka kwenye pakiti sasa hivi!"

"Hazina uhai. Zinagonga tu kama mbao."

Nilishangaa mpaka nikakaa chini. Nikasema labda yule muuzaji kanibambikia feki, maana ruksa ilileta na feki zake. Nikamwita jirani yetu, anayepiga gita la kawaida kwenye kwaya ya vijana. Akaja, akazipapasa, akapiga kidogo, akasema, "Shemeji, hizi ni nyuzi safi. Mimi sijawahi kushika nyuzi kama hizi." Mume wangu akamtazama kijana wa watu kama anayemwonea huruma. Halafu akaniambia tatizo ni unene. Hizi ni nyembamba mno kwa besi lake. Nimletee nene.

Unamjua mtu aliyetulia akishika jambo? Hakuna ng'ombe anayeweza kumng'oa. Kila siku ni nene, nene, nene. Nikirudi sokoni nimechoka nasikia habari ya nene. Nikamuuliza, kwani wewe umeweka pamba masikioni, hata watoto wanasikia zinavyolia? Akanijibu kwamba watoto wanasikia kelele ya juu juu, besi linasikika chini.

Nikaenda tena Nairobi. Safari hii nilimbana muuzaji anieleze vizuri, kama ninavyobanwa na wateja wangu kuhusu suti. Hakuniona mjinga, alinieleza. Akasema uzi mwembamba unang'aa, unaitika haraka, kidole hakichoki. Uzi mnene una sauti nzito, ya duara, inayojaa chumba, lakini unavuta shingo ya gita kwa nguvu, na gita la zamani linaweza kupinda. Akasema pia kwamba uzi mnene si lazima usikike zaidi. Kwenye spika ndogo unaweza kuvuma tu, watu wakasikia ngurumo wasisikie noti. Nikamuuliza, angekuwa yeye angechukua ipi? Akasema angerudi kwenye zile za kati.

Nikazishika pakiti zote mbili. Nikamwomba afungue. Nikapitisha vidole kwenye nyuzi, moja moja, nikifumba macho, maana vidole vyangu ndivyo vinavyonilisha. Kitambaa chochote nikikigusa nakuambia kitadumu au hakitadumu. Zile nene zilikuwa na uzito wa kitu cha kweli. Ule wa chini kabisa ulikuwa mnene kama waya wa kuanikia nguo. Nikasema mwanamume akiomba kitu kwa moyo wote hivi, atakuwa anakijua. Nikachukua nene kuliko zote zilizokuwa dukani.

Kuzifunga ilikuwa vita. Kile kijiti cha mfupa pale juu ya shingo, chenye mifereji ya kupitisha nyuzi, kilikuwa na mifereji midogo, uzi wa chini ukakataa kuingia. Akaenda kwa mafundi vyuma akaazima tupa, akawa anasugua kidogo, anajaribu, anasugua kidogo. Alipokaza zote nne, shingo ya gita ikalia, kwiii, nikaruka. Kesho yake asubuhi ilikuwa imepinda kama upinde kweli. Akakikaza kile chuma kilicho ndani ya shingo kwa ufunguo wa baiskeli aliouchonga mwenyewe, robo mzunguko, akasubiri, robo mzunguko tena. Mimi nilikuwa nachungulia kwa jicho moja, jingine nimelifunga.

Halafu akapiga. Bwana Yesu! Vikombe vyangu kabatini viliitika. Bati likaitika. Nilihisi sauti ile tumboni kabla sijaisikia, na mwenye nyumba akatoka akiuliza kama ni lori limeegemea ukuta. Mume wangu alikuwa amelikumbatia gita, mfupa wa kidevu ameugusisha kwenye mbao, macho amefumba. Aliposimama alikuwa anacheka. Tangu kiwanda kilipofungwa sikuwa nimemwona akicheka hivyo.

"Umezisikia?" akaniuliza. "Hizi ndizo nyuzi!"

Nikasahau ya muuzaji yote. Nikajiambia mimi ni mke wa maana, nimekwenda Nairobi mara mbili na nimemletea mume wangu sauti yake.

Jumapili ya majaribio tulipanda pikapu ya jirani mwingine mpaka Kikatiti, spika limefungwa kamba nyuma, mimi na kitenge kipya. Mlima Meru ulikuwa wazi kabisa siku hiyo, hata wingu moja hakuna. Bustani ilikuwa imejaa, nyama zinachomwa, wafanyabiashara wa barabara ya Moshi wamekuja na familia zao. Wanabendi walikuwa vijana watupu. Walimwamkia mume wangu shikamoo mmoja mmoja, wakampokea gita, wakalishangaa.

"Mzee, nyuzi hizi umezitoa wapi?" akauliza kiongozi wao, kijana mpole anayepiga kinanda.

Mume wangu akanyoosha kidole kwangu. Nilijiona mrefu kama mnara wa saa.

Kiongozi akamweleza utaratibu, wametazamana uso kwa uso. Wataanza polepole na uimbaji, kisha sebene. Mume wangu akasema sawa, sawa, nyimbo hizi anazijua. Na kweli walipoanza nilitaka kupiga vigelegele. Besi liliingia, na bustani nzima ikatikisa kichwa. Watu wakaacha nyama wakasimama kucheza. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza yule mzee ni nani, nikamwambia kwa madaha ni mume wangu.

Ikafika wakati wa sebene. Gita la solo likapaa juu, chii-ri-ri, mpiga drams akagonga sahani yake ya shaba, bendi nzima ikabadilika ikaanza kukimbia. Mume wangu akaendelea na polepole.

Nilidhani ni mbwembwe. Nilidhani anawachelewesha makusudi kama wanavyofanya mabingwa. Lakini alikuwa anaendelea, dum, dum, taratibu, ametabasamu, ananitazama mimi, na wale vijana wanakimbia upande wao. Na nyuzi zangu, zile nilizozichagua kwa vidole vyangu nimefumba macho, ndizo zilikuwa na sauti kubwa kuliko vyote pale bustanini. Kosa lake lilisikika mpaka barabarani. Wachezaji wakajikwaa, wakasimama. Mtu mmoja akacheka.

Mpaka alipomwona mpiga drams ananyanyua mikono juu ndipo akashtuka, akadaka mwendo, akakimbia nao. Kiongozi akasema kwenye kipaza sauti kwamba ni ugeni tu. Wakaanza wimbo wa pili. Solo likapaa, sahani ikagongwa, na jamani, ikawa vile vile! Sasa kiongozi aliacha kinanda, akaja akasimama nyuma ya mume wangu, hatua moja tu kutoka mgongoni, akaita, "Mzee!" Akaita tena, "Mzee! Mzee!" Mimi niliyekuwa meza za mbele nilisikia. Wachoma nyama walisikia. Mume wangu hakugeuka. Alikuwa anapiga, kidevu kimegusa mbao, ananitabasamia.

Nikakumbuka bendi ya kiwanda. Kiongozi wao wa pale hakuwa anategemea solo wala sahani. Alikuwa anainua ngumi, halafu anakanyaga jukwaa kwa kiatu, puu, ndipo wanabadilika. Tulikuwa tunaona ni mtindo wao, na vijana wa mjini walikuwa wanauiga. Mungu wangu. Bendi ile yote ilikuwa ya watu wa mashine! Walikuwa wanapeana ishara kwa ngumi na kiatu kama walivyokuwa wanapeana kule ndani, penye kelele, ambako sikio halina kazi. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kama mwenzake anasikia au hasikii. Na pale Kikatiti mume wangu alikuwa anazungusha macho, anatafuta ngumi, na hakuna aliyeiinua.

Baada ya wimbo wa tatu walipumzika. Kiongozi hakwenda kwa mume wangu, alikuja kwangu. Akachutama pembeni ya kiti changu kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Mama, mzee ana vidole ambavyo mimi sijaviona," akasema. "Lakini mmeshampeleka hospitali akapimwa masikio?"

Nikamwakia. Nikamwambia akapimwe yeye na kinanda chake, mume wangu amepiga besi kabla yeye hajaota meno. Nikasema labda nyuzi ni nene mno, zinafunika sauti za wenzake, nitamletea nyingine, nitakwenda Nairobi hata kesho. Nilikuwa naongea haraka haraka ili asipate nafasi ya kusema neno lingine.

"Nyuzi ni nzuri, mama," akanijibu. "Samahani sana. Hatuwezi."

Wakati wa kurudi mume wangu alipanda nyuma ya pikapu, akalishikilia spika. Nami nilikaa mbele na jirani, sikuwa na nguvu ya kugeuka nyuma. Tulipofika nyumbani watoto walikuwa bado kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na jua lilikuwa halijazama. Alikaa kwenye kigoda, akalilaza gita mapajani, akaanza kulegeza nyuzi. Nikasimama mbele yake.

"Wewe," nikamwambia, "husikii."

Nilitegemea anikatalie. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ugomvi, nimefunga kitenge sawasawa. Akaendelea kulegeza ule uzi wa chini, kisha akaniangalia.

"Najua," akasema.

Nikasema unajua? Unajua tangu lini? Nikashika nguzo ya mlango.

Akasema alijua siku walipozima mashine. Walikuwa wamesimama uani kiwandani, fungu lile la mwisho, wote kimya. Mwenzake mmoja akasema, kumbe hapa kuna ndege! Wenzake wakacheka, wakawa wanasikiliza. Yeye akatazama juu kwenye mti, akawaona ndege wenyewe, midomo inafunguka na kufumba. Akasikiliza sana. Akacheka na wenzake, akaja nyumbani.

"Na mimi umenipeleka Nairobi mara mbili!" nilipiga kelele. Nilikuwa nimekasirika, siwezi kuficha, machozi yananitoka na nimekasirika. "Nyuzi zimekufa, nyuzi nyembamba, leta nene! Ulikuwa unajua!"

"Nyembamba sizipati kabisa," akasema. "Zile nene nazipata hapa." Akagonga kifua chake kwa ngumi, halafu mfupa wa kidevu. "Nilisema zikiwa nene za kutosha, nitapiga kwa hapa. Hakuna atakayejua."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungeniacha nipige?"

Jibu tulikuwa tunalijua wote wawili. Halafu nikaona kitu kisichokaa sawa. Nikamwambia, lakini mimi unanisikia. Hapa tunaongea. Miaka yote hii tunaongea.

Akatikisa kichwa taratibu. "Wewe nakusoma mdomoni. Kiwandani wote tulikuwa tunasomana midomo. Ukigeuka tu nakupoteza. Sauti yako..." Akafikiri. "Nilikuwa naijua. Sasa naikumbuka tu."

Sijawahi kupigwa kofi likanifika kama maneno yale. Sokoni wanawake wenzangu walikuwa wananionea wivu kwa sababu ya mtu huyu. Waume zao wakiongeleshwa wanatazama redio, wanatazama gazeti, wanatazama kuku. Wangu, nikifungua mdomo, anaacha kila kitu ananitazama usoni mpaka nimalize. Nilikuwa najivunia. Niliwaambia, huyo ndiye mwanamume anayenipenda, hapitwi na neno langu hata moja. Miaka yote alikuwa anausoma mdomo wangu kama tangazo la ukutani.

Aliutoa uzi wa mwisho, akazikunja zote nne duara, akazifunga kwa uzi mdogo. Akalisimamisha gita tupu ukutani.

"Kesho nilipeleke sokoni?" akauliza, kwa sauti ile ile kubwa, mtaa mzima unasikia.

Nikampa mgongo. Nikautazama ukuta na nikasema yote niliyokuwa nayo. Nilikitukana kiwanda, nikaitukana mitumba yangu, nikamwita mwongo, mwizi wa masikio yangu, nikamwambia nampenda, nikamwambia sitamsamehe, nikayarudia yote kwa Kichaga. Nilisema kwa sauti kubwa, hatua mbili kutoka alipokaa, na nyuma yangu hakukuwa na jibu lolote.

Nilipogeuka alikuwa bado kwenye kigoda, ananitazama mdomo, anasubiri.

"Rudisha nyuzi kwenye gita," nikamwambia. Midomo ilikuwa inanitetemeka, hakunisoma, ikabidi nirudie.